Meli iliyozama na watu ni kaburi jamani

Juzi stendi ya Moshi nasubiri gari, kijana mmoja anayepandisha wageni mlimani akanionyesha video aliyotumiwa na mgeni wake wa zamani. Watu wanapiga mbizi kwenye meli iliyozama, tochi, samaki, vizuri tu, halafu mkono unaingia ndani ya chumba unatoka na kiatu. Kiatu cha mtu! Akakiinua kwenye kamera kama kombe la ligi, wenzake wanapiga makofi humo humo majini.

Mwili ukiisha baharini kiatu kinabaki, ngozi iliyosindikwa viumbe wa chini hawaipendi, ndo maana kwenye Titanic vimeonekana viatu viwili viwili vimelala pale alipolala mwenyewe. Sa we unachukua kiatu unasema umeokota nini?

Hapa Majengo nina jirani, mama wa Kihaya, kaka yake alipanda MV Bukoba. Tarehe 21 Mei 1996, meli inakaribia Mwanza ikapinduka, wakafa watu zaidi ya 800. Wengi wamezikwa Igoma, huyu kaka hakupatikana kabisa. Mi baba yangu yuko kihambani, shamba letu la ukoo, Desemba tukipanda nyumbani tunang'oa majani, tunasimama pale mgombani kila mtu anaongea naye anavyojua. Wahaya nao wanazika kibanjani hivyo hivyo, ila huyu mama akienda Bukoba hana pa kusimama, miaka yote hii kaburi la kaka yake ni lile bati lililoko chini ya ziwa. Halafu mtu aje na mtungi wa hewa mgongoni apige picha humo ndani? Hapana. Meli ya Spice Islander iliyozama 2011 kule Nungwi, Zanzibar, vilevile, kina na mkondo vimewalinda wale marehemu kuliko sheria yoyote.

Na sheria inawezekana. Meli iitwayo Estonia ilizama kule Ulaya 1994 na watu 852, mwaka uliofuata Sweden, Finland na Estonia wakakubaliana pale ni mahali pa mapumziko ya marehemu, marufuku kupiga mbizi. Sisi tunashindwa nini?

Haya, HMS Pegasus, ile manowari ya Waingereza iliyozama pale Zanzibar, nakubali watu waizamie, shingo upande lakini nakubali. Wajerumani waliipiga Septemba 1914, mabaharia waliozikwa makaburi yao yapo kisiwani Chapwani yanaonekana, zaidi ya miaka 100 imepita na vijana wetu wanaopeleka wageni wanalisha familia. Nendeni, tazameni, ila msiguse kitu. Wanaosema mbona makaburi ya wafalme wa Misri yanatembelewa, sawa, lakini hakuna mama anayemsubiri farao arudi nyumbani. Kwangu mpaka ndo huo, sio miaka wala uzuri wa matumbawe, ni kama kuna mtu bado analia, na kama yupo aulizwe yeye kwanza kabla ya kampuni ya utalii.

Jioni nikamsimulia yule mama, nikajua atakasirika. Alinyamaza muda mrefu sana, akaniuliza, "Mwanangu, hicho kiatu walikirudisha?"

Nikampigia kijana amuulize mgeni wake. Leo siku ya nne, mama akiniona getini ananitazama tu, na mi sina jibu la kumpa.