Ukienda Machu Picchu, nenda kwa miguu, tena na mwenyeji

Tangu nirudi Peru, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: kulikuwa na haja gani ya kumlipa mwongoza watalii? Njia ni moja, imetandikwa mawe tangu enzi za Wainka, watawala wa kale wa milima ile, mtu atapotelea wapi? Kweli, hupotei. Hata hivyo naiunga mkono kwa moyo wote sheria ya nchi ile inayomkataza mgeni kuingia kwenye Njia ya Inka, ile iendayo Machu Picchu, mji wa kale wa Wainka, bila mwongozaji mwenye leseni, na naomba isije ikalegezwa.

Mimi nilichukua safari fupi, ile ya siku moja. Wanaokwenda siku 4 huanzia Kilomita 82 ya reli na kutembea zaidi ya kilomita 40. Sisi treni ilitushusha Kilomita 104, mahali pasipo na stesheni, tukavuka daraja linaloning'inia juu ya mto Urubamba. Ng'ambo kuna kibanda cha ukaguzi, na jina la kwenye pasipoti lazima lifanane na la kwenye kibali. Baada ya hapo ni kupanda tu. Pumzi haikunisumbua, maana mji wa Cusco tulikolala uko mita 3,400 juu ya usawa wa bahari na njia hii haifiki hata 2,800. Ni kama usawa wa kambi ya Mandara kwetu Kilimanjaro. Kilichonitesa ni jua. Mwendo wa kama saa tatu wa mwanzo unapita ubavuni mwa mlima, kivuli cha kubahatisha.

Mwongozaji wetu ni mzaliwa wa bonde lile, Kikechua ndicho alichonyonya kwa mama yake. Kabla hatujaanza kupanda alifungua kifuko cha majani ya koka, akayachambua taratibu kwa kidole gumba: lenye tundu aliliweka kando, lililochanika aliliweka kando, mpaka akapata matatu mazima. Akayapanga kama kipepeo, mgongo wa jani juu ya tumbo la jingine, akayainua usoni na kuyapulizia kuelekea milimani. Alikuwa anabisha hodi. Hakutuelekeza tupige picha, na hakuna aliyepiga.

Wiñay Wayna ndipo nilipojua nimelipia nini. Magofu yale yamebandikwa kwenye mteremko mkali, matuta juu ya matuta yaliyojipinda kufuata umbo la mlima, nyumba chache juu, nyingine chini, na katikati ngazi ndefu yenye mabirika ya mawe yanayopokezana maji. Ningekuwa peke yangu ningesema "pazuri", nikala mkate wangu nikaondoka. Yeye alitukalisha kwenye ukingo wa tuta na kutuuliza: mvua yote inayonyesha hapa inakwenda wapi, mbona kuta hazijabomoka kwa miaka mia tano na zaidi? Kisha akaeleza jinsi Wainka walivyojenga matuta yao: chini mawe makubwa, juu yake kokoto, halafu mchanga, mwisho kabisa udongo wa kulimia, ambao mara nyingine ulibebwa kutoka bondeni. Maji yanazama polepole na kutoka bila kusukuma ukuta. Kumbe kazi kubwa ya watu wale ni ile tuliyokuwa tumeikalia, isiyoonekana kwenye picha yoyote. Akaenda kwenye birika moja akakinga kiganja. Maji bado yanatiririka.

Hapo ndipo ninapokasirika kidogo na vitabu vya historia. Tunasoma kwamba Hiram Bingham, Mmarekani, "aligundua" Machu Picchu mwaka 1911. Alipelekwa! Mkulima aliyeitwa Melchor Arteaga ndiye aliyemwambia kuna magofu mlimani, akampandisha tarehe 24 Julai kwa malipo ya sol moja, fedha ya Peru. Walipofika juu walizikuta familia zinalima kwenye matuta yaleyale ya Wainka, na hatua za mwisho Bingham aliongozwa na mtoto wa hapo. Na miaka 9 kabla, Agustín Lizárraga, mtu wa Cusco, alikuwa ameshaandika jina lake ukutani.

Jambo hili linanigusa kwa sababu ya baba. Alibeba mizigo ya wageni Kilimanjaro miaka mingi, na nyumbani tuna picha aliyotumiwa na mmoja wao. Baba amesimama pembeni, kofia mkononi. Nyuma ya picha imeandikwa tarehe, na neno moja tu: mpagazi. Jina hakuna. Kwa hiyo niliposikia kwamba Peru ilitunga sheria mwaka 2001 kwamba mpagazi wa Njia ya Inka asibebeshwe zaidi ya kilo 20, na kwamba nafasi 500 za kila siku kwenye safari ndefu zinawahesabu wapagazi na waongozaji pamoja na wageni, nilifurahi. Wamehesabiwa. Sheria kwenye karatasi haimshibishi mtu, najua, na malalamiko ya mizigo na malipo yapo kule kama yalivyo huku. Lakini wenye mlima kuwekwa ndani ya sheria ya mlima ni haki yao.

Basi la abiria kutoka mji ulio chini ya mlima linakufikisha kwenye lango la Machu Picchu kwa nusu saa hivi. Asiyeweza kutembea alipande bila aibu. Mwenye miguu na siku moja ya ziada, nakusihi, usilipande.

Karibu na Inti Punku, Lango la Jua, kuna ngazi moja kali tuliyoikwea kwa mikono na miguu. Tulipotokea juu ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Mwongozaji aliketi kwenye jiwe, akatufundisha maneno machache ya Kikechua huku tukingoja. Wayna ni kijana. Tulikotoka, Wiñay Wayna, ni kijana milele. Machu ni mzee, na pikchu ni kilele. Alitusahihisha matamshi mpaka tukapatia ile k ya katikati. Ukungu ukafunguka upande mmoja, kuta za kijivu zikaonekana mbali chini, naye akanyanyuka, akavua kofia.

"Mzee yule pale," alisema.