Mtaalamu wa Skimu

Kosa lilikuwa langu, na lilianza kwenye simu. Mama alipiga usiku kuuliza mbona Jumapili sikuonekana nyumbani, nami nikamjibu huku macho yako kwenye kompyuta: "Mama nisamehe, niko na Skimu tangu juzi, hata usingizi sipati."

"Skimu?" akauliza. "Mungu ni mwema." Akakata simu. Nikajisemea, kumbe mama naye siku hizi anafuatilia mambo ya kompyuta.

Skimu ninayoisema mimi ni lugha ya programu, ile iliyojaa mabano. Guy Steele na Gerald Sussman waliitunga mwaka 1975 pale chuo kikuu cha MIT, Marekani. Jina walilotaka ni Schemer, ila mashine yao ilikuwa haipokei jina la faili lenye zaidi ya herufi 6, basi ile ya saba ikakatwa. Wangekuwa na mashine yenye roho kubwa kidogo, mimi nisingeaibika. Maana hapa Moshi ukisema skimu, kila mtu anaona mifereji na majaruba ya mpunga kule Lower Moshi. Nani atakufikiria wewe na mabano yako?

Na programu yenyewe niliipa jina la zamu. Nyumba tuliyopanga Majengo ilikuwa na wapangaji wanane na choo kimoja. Kila siku watu wawili wanasafisha, na prosija yangu, yaani kipande cha programu chenye jina lake na kazi yake, inapunguza wawili kwenye hesabu, kisha inajiita yenyewe tena kwa waliobaki, mpaka ifike sifuri. Ilienda kama saa. Halafu mwenzetu mmoja akahamia Arusha, tukabaki saba, na kuanzia siku hiyo ukiiwasha haimalizi. Nilisoma mistari minne ile kwa siku mbili kama mtu anayesoma wosia.

Jumamosi akaja mjomba. Ana majaruba mawili, mkiani kabisa mwa mfereji mmoja ambao sitautaja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nasikia uko skimu siku hizi."

"Niko mjomba, ila imenishinda. Zamu inaanza vizuri, haifiki mwisho."

Akavua kofia. "Haifiki mwisho! Nimesema miaka mingapi mimi?"

Ningejiuliza hapo. Sikujiuliza. Mtu asiyelala siku mbili akipata wa kumhurumia haulizi maswali.

"Mwanzo nimeukagua mara ishirini, uko sawa," nikasema.

"Mwanzo hauna shida, mjomba. Shida iko katikati. Kuna mtu."

"Sasa naweka ufuatiliaji. Kila inapoingia itajiandika, kila inapotoka itajiandika, na kiasi chake."

"Na kiasi!"

"Na kiasi."

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akauliza kama wenzake wanaweza kuja kuona. Nikaguswa sana, mzee wa umri ule kuvutiwa na lugha za kompyuta. Nikamwambia hata kesho.

Jumanne bodaboda ikaja kunichukua, nauli imeshalipwa. Tukashuka mpaka chini ya mwembe mmoja kwenye mashamba, nikakuta watu kama thelathini, wengine na buti za mpira, meza ina kitambaa, soda imeshafunguliwa. Pembeni amekaa mgawa maji, amekunja mikono kama mshtakiwa. Mwenyekiti akasimama akanitambulisha: "Huyu ndiye mtaalamu wa skimu, amekuja kufuatilia zamu."

Mtu mwenye akili angeeleza ukweli pale pale. Mimi nilikuwa nimeshaonja soda.

Nikafungua kompyuta. Natumia Racket, ambayo ni ya ukoo huohuo wa Skimu. Ukiipa amri ya kufuatilia prosija fulani, kila ikiitwa inaandika mshale wa kwenda kulia pamoja na ilichopewa, na ikimaliza inaandika mshale wa kurudi kushoto pamoja na jibu. Nikaiwasha.

>(zamu 7 1)
>(zamu 5 2)
>(zamu 3 3)
>(zamu 1 4)
>(zamu -1 5)
>(zamu -3 6)

Na haikusimama. Laiti ningeiandika kizembe, kila wito ukimsubiri mwenzake, mishale ingejipanga kwa ngazi na mwishowe kumbukumbu ingejaa, mashine ikalalamika. Lakini kwa ujuaji wangu wito nimeuweka mwisho kabisa wa prosija, na wito wa namna hiyo Skimu haiulimbikizi. Inaweza kukimbia hivyo mpaka umeme ukatike.

"Mshale wa kulia ni kuingia?" akauliza mwenyekiti.

"Kuingia."

"Mbona wa kutoka hauonekani?"

"Haujatoka hata mmoja."

Minong'ono. Mtu nyuma akasema, basi maji yanazama.

Mama mmoja mwenye jembe mapajani akasogea. "Namba ya kwanza ni nini, mwanangu?"

"Watu waliobaki, mama."

"Na ya pili?"

"Siku."

"Sasa siku ya tano watu wako chini ya sifuri? Hao wanapewaje zamu?" Akahesabu kwa vidole. "Wewe umeweka mlinzi kwenye sifuri, na yenyewe inaruka wawiliwawili. Kutoka moja imempita huyo, haijamgusa."

Siku mbili zangu zile. Mama huyu alitumia nusu dakika, na miwani hakuwa nayo.

Kabla sijamshukuru, mjomba akasimama. "Mmesikia? Moja! Yule wa mwisho anarukwa! Ndiye mimi huyo!"

Mgawa maji akaruka juu: yeye hajamruka mtu, aitwe aliyeandika hayo. Mwingine akasema siku ya nne ni ya kwake na hajawahi kuona tone. Mweka hazina yeye alikuwa bado ameganda kwenye skrini, ambapo sasa paliandikwa (zamu -9001 4505), akauliza kwa sauti ya hofu hili deni ni la nani na nani ameidhinisha.

Nikapiga kelele: "Jamani! Hii ni zamu ya choo!"

Kimya. Hata mwembe ulinyamaza.

"Choo cha skimu?" akauliza mwenyekiti taratibu.

"Cha Majengo. Tuko wapangaji saba."

Mjomba akavaa kofia yake, akaishusha mpaka machoni. Yule mama alicheka mpaka jembe likaanguka.

Marekebisho niliyafanya nyuma ya bodaboda, kompyuta mapajani: pale palipodai sifuri kamili nikaweka sifuri au chini yake. Alama moja tu. Nauli ya kurudi nililipa mwenyewe.