Hatia, Toba na Makaburi 55

Wapo wasomaji wanaolalamika kwamba riwaya za Marekani za miaka ya karibuni zimekuwa chungu mno: zinafukua dhambi za ubaguzi wa rangi, zinamsimamisha Mzungu kizimbani, kisha zinaisha bila kumwonyesha mlango wa toba. Riwaya inayofaa kulipima lalamiko hilo ni The Nickel Boys ya Colson Whitehead, iliyotoka mwaka 2019 na kupata Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata.

Lalamiko lenyewe si la kupuuzwa. To Kill a Mockingbird ya Harper Lee, ya mwaka 1960, imewaonyesha wengi kwamba mtu aliyelelewa katika jamii ya kibaguzi anaweza kusimama upande wa haki, na kitabu kisichompa mwenye hatia pa kuanzia huenda kikamfanya azibe masikio. Lakini tuangalie faraja hiyo inamfikia nani. Tom Robinson, Mweusi aliyesingiziwa ubakaji, anauawa kwa risasi. Anayebaki mioyoni mwa wasomaji ni Atticus Finch, wakili Mzungu aliyemtetea. Ndiyo maana riwaya nyingine ya Lee, Go Set a Watchman, ilipotoka mwaka 2015, ikimwonyesha Atticus huyohuyo akiutetea ubaguzi, wapo waliohuzunika kana kwamba wamefiwa.

Whitehead hakubali faraja igawanywe hivyo. Riwaya yake imetokana na shule ya maadilisho ya wavulana iliyojulikana kwa jina la Dozier, mjini Marianna, Florida, iliyofunguliwa mwaka 1900 na kufungwa 2011. Katika eneo lake la kuzikia palikuwa na misalaba 31 ya mabomba ya chuma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha South Florida walipochimba, walikuta makaburi 55. Hiyo tofauti ya 24 hainitoki akilini. Ni darasa zima la watoto waliofukiwa bila hata kipande cha bomba cha kusema kwamba hapa amelala mtu, na hata ile misalaba iliyokuwapo haikusimama juu ya makaburi yenyewe. Bunge la Florida liliomba radhi mwaka 2017, baada ya majembe kufanya kazi yake. Kabla ya hapo, radhi ingeombwa kwa vifo vingapi? Anayemdai mwandishi msamaha mapema anamtaka afunge hesabu ambayo haijakamilika, na sioni kwa nini kukataa kwake kuitwe chuki.

Tena uchungu wa riwaya hii haumo katika makelele. Usiku wavulana wanapochapwa, feni kubwa inaunguruma kuyafunika mayowe yao, na mwandishi anatuacha tuisikilize feni. Elwood Curtis, kijana wa Tallahassee aliyekuzwa na bibi yake na kuziamini hotuba za Martin Luther King, anayaandika maovu ya shule ili yawafikie wakaguzi, na kwa kosa hilo anauawa kwa risasi akitoroka pamoja na rafiki yake Turner. Hatia haiwakai wauaji. Inamkaa Turner, aliyenusurika, ambaye anaishi New York kwa miaka mingi akitumia jina la marehemu. Hapo ndipo wanaosema riwaya hii haina toba wanapokosea. Toba imo, ila amepewa yule ambaye hakuwa na deni, na yeye anailipa kwa kumwambia mkewe jina lake halisi na kurudi Florida kutoa ushahidi.

Kabla ya siku ya kusema, Turner anaketi kula katika hoteli mjini Tallahassee. Ndimo bibi yake Elwood alimofanya kazi ya usafi, na ndimo Elwood mdogo, akichungulia kutoka jikoni, alikuwa akingojea siku mteja Mweusi atakapoketi mezani.