Begi la kike, la zambarau, na kiuno changu cha inchi 50

Hivi jamani nani aliwaambia wenye viwanda vya mabegi kwamba kila mwanamke anayepanda mlima ana kiuno cha nyigu?

Kikundi chetu cha vikoba tulikubaliana mwaka huu hatushoni sare, tunapanda Kilimanjaro, tena Desemba 9, njia ya Marangu. Tukaambiwa msiogope, mizigo mikubwa watabeba wagumu, ndo wapagazi wa mlimani, kila mgumu mwisho wake kilo 20, nyie mtabeba kibegi tu. Kibegi! Maji lita tatu peke yake ni kilo tatu, weka koti la mvua, sweta zito, boksi la lanchi lina paja la kuku na yai la kuchemsha, hapo bado sijaweka karanga zangu za siri.

Nikaenda kukodi Moshi mjini. Kijana wa kibandani ananiangalia kuanzia juu mpaka chini, halafu macho yanarudi katikati yanakaa hapo. Akasema mama, lipo la kike. La kike maana yake nini sasa? La zambarau na wamelifupisha, basi. Akanivalisha, akavuta mkanda wa kiunoni kushoto, akavuta kulia, vuta pumzi mama, nikavuta, vuta tena, nikavuta mpaka nikaona nyota za mchana, klipu moja iko ubavu huu nyingine iko ubavu ule, hapo katikati daladala inapita na konda wake kaning'inia mlangoni. Akaniambia eti usijali mama, huo mkanda urembo tu.

Urembo! Mwanangu, ule mkanda ndo begi lenyewe. Unatakiwa ukae juu ya mifupa ya nyonga ubebe sehemu kubwa ya uzito, mabega yanashikilia tu lisidondoke nyuma. Ukiachia unaning'inia, kilo zote zinahamia mabegani, na mikanda ya mabegani yenyewe mifupi, inakata kwapa kama unaibiwa. Ule wa kifuani sitaki hata kuuongelea, unapita pale pasipopitika ukishafunga unapanda wenyewe unakukaba koo.

Nikajaribu la kiume. Hilo mkanda ukafika, kwa shida lakini ukafika, ila mgongo wake mrefu, mkanda ukanikalia makalioni badala ya nyonga, kila hatua begi linanichapa kofi kama mtoto aliyekojoa kitandani.

Binti yangu akanitumia picha, mama mbona yapo, kampuni ya Gregory kule Marekani ilitoa mabegi ya wenye miili yao mwaka 2021, walikaa na kikundi cha wapanda milima kinaitwa Unlikely Hikers wakarefusha mkanda wa kiuno na wa mabega. Kumbe inawezekana! Sasa mimi niko Moshi, safari kesho asubuhi, hilo begi liko Marekani, atalileta nani, njiwa?

Nikalikodi lile la zambarau na kinyongo changu. Getini nikatoa kanga, nikaipitisha chini ya begi, nikaizungusha kiunoni nikapiga fundo mbele, kama mbeleko. Wanangu watatu nimewabeba hivyohivyo, begi ni nani? Na mnajua nini, lilikaa! Mzigo ukashuka nyongani, mabega yakapumua, nikatembea zile kilomita nane mpaka Mandara, kambi ya kwanza, wale wenye viuno vya nyigu wanahema nyuma yangu. Tatizo kanga ina jina, Japo sipati tamaa sikati, na maandishi yamekaa sawasawa nyuma, kwa hiyo kiongozi wangu wa mlima njia nzima anasoma anacheka, kila mgumu anayetupita na ndoo kichwani naye anasoma, anasema pole mama utapata tu.

Niliishia Horombo, kambi ya pili, mita 3,720, ila hapo kosa la kichwa sio la begi, kilikuwa kinagonga kama mlango wa mdaiwa.

Nikarudisha begi. Yule kijana kaligeuza geuza, kalinusa, akasema mama klipu ya kiunoni imelegea, nakata elfu kumi kwenye dhamana. Imelegea na nini we mtoto? Zile klipu mbili toka nilivae hazijawahi kuonana.