Mwanafunzi wa Usanifu Majengo Ashike Mwiko wa Fundi kwa Kiasi Gani?

Chukua mchoro wa kawaida kabisa wa chumba cha kulala. Dirisha linaanza sentimita 90 kutoka sakafuni, kimo chake mita 1.2, kwa hiyo juu linaishia mita 2.1, sawa na mlango, na linta, boriti ya juu ya milango na madirisha, inapita hapo hapo. Kwenye kompyuta mambo yamenyooka. Kwenye saiti ya Nzuguni au Iyumbu, hapa Dodoma, fundi anajenga kwa tofali la saruji lenye urefu wa milimita 450 na kimo cha milimita 230. Ongeza mota ya kuunganishia ya milimita 12, kila kozi, yaani mstari mmoja wa tofali, inapanda milimita 242. Kozi 4 ni sentimita 97. Kozi 9 ni mita 2.18. Hakuna kozi inayoishia mita 2.1. Fundi atachonga tofali za kozi moja nzima kuzunguka nyumba, au atapandisha dirisha kimya kimya, na siku fremu za milango zinaletwa ndipo ugomvi unaanza. Kumbe dirisha hilo hilo la mita 1.2 lingekaa sawasawa ndani ya kozi 5 kama aliyechora angeanza kuhesabu kwa tofali.

Kosa hilo haliui mtu, lakini linaeleza vizuri mjadala uliopo kuhusu vyuo vyetu vya usanifu majengo: je, mwanafunzi afundishwe uashi na zege kwa mikono yake, au inatosha ayajue darasani, ayachore, kisha ayaone akienda fildi? Kila jengo linapoanguka swali hilo linarudi. Lilirudi Machi 2013, ghorofa 16 za Mtaa wa Indira Gandhi jijini Dar es Salaam zilipoporomoka na kuua watu 36, likarudi tena Kariakoo Novemba 2024. Hapa Dodoma, tangu Serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016, karibu kila kata ina nguzo zinazopanda, na wanafunzi wanaokuja fildi hawakosi saiti ya kutazama. Suala ni kama wanachokiona wanakielewa.

Wanaopinga karakana, yaani mafunzo ya mikono chuoni, wana hoja nzito, na si haki kuwafanya waonekane watu wa ofisini wasiotaka vumbi. Kwanza, hesabu ya nondo si kazi ya msanifu. Ni ya mhandisi wa miundo aliyesajiliwa, na ndiye atakayewajibika. Msanifu aliyefunga nondo wiki mbili chuoni anaweza kujiona anajua, akaanza kumwambia fundi "punguza hizi ringi, zimezidi", akimaanisha pete za chuma zinazofunga nondo pamoja. Ujuzi nusu wa namna hiyo ni hatari kuliko kutojua kabisa, kwa sababu asiyejua huuliza. Pili, muda. Mwanafunzi ana studio, historia, mazingira, sheria, programu za kuchorea na mipango miji, yote ndani ya miaka michache. Fundi mwashi mzuri hutengenezwa kwa miaka; saa 40 za mwiko haziwezi kumpa mtu mkono. Tatu, na hii ndiyo hoja tunayoiona kubwa zaidi, fundi anayeletwa kufundisha huja na mazoea yake. Kama amezoea kupima mchanga kwa chepe na maji kwa macho, mwanafunzi ataondoka akiamini kuwa hivyo ndivyo zege linavyotengenezwa.

Hoja hizo ni za kweli, ila zinajibu swali la kama msanifu awe fundi, na hilo hakuna anayelidai. Msanifu huamua mambo mengi ambayo mhandisi huyakuta yamekwisha kuamuliwa, na hapo ndipo kutojua kunapouma.

Mfano ulio wazi ni nguzo inayofichwa ndani ya ukuta. Wateja wengi hawapendi kona ya nguzo ionekane sebuleni, kwa hiyo msanifu anachora nguzo yenye unene wa milimita 150, sawa na tofali la inchi 6. Mhandisi anapewa kipimo hicho na kuambiwa kisiguswe. Sasa tuhesabu nafasi iliyobaki. Toa milimita 25 kila upande za zege la kufunika nondo, zinabaki 100. Toa ringi za milimita 8 pande mbili, zinabaki 84. Upande huo una nondo 2 za milimita 12, na pale chini zinapounganishwa kwa kupishana, zikikaa sambamba zinakuwa 4, yaani milimita 48. Zilizobaki ni 36. Kichwa cha milimita 40 cha vibreta, mashine ya kushindilia zege kwa mtetemo, hakiingii hapo. Kokoto ya milimita 20 inaingia, lakini mbili zikikutana zinaziba njia. Fomu, yaani mbao zinazoshikilia zege, ikifunguliwa, mguu wa nguzo una matundu matupu, nondo zinaonekana, na fundi anaziba kwa mota haraka kabla mhandisi hajafika. Mahali penyewe ni chini ya nguzo, panapobeba mzigo wote. Mwanafunzi aliyewahi kuingiza mkono wake kati ya nondo za nguzo ya namna hiyo hatahitaji mhadhara wa pili.

Mfano mwingine ni baraza lililochomoza, yaani slabu isiyo na nguzo mbele. Sehemu inayovutwa ni ya juu, kwa hiyo nondo kuu zinakaa juu. Kila kitabu kinasema hivyo na kila mwanafunzi hulijibu kwenye mtihani. Kwenye saiti, siku ya kumwaga, vijana wa toroli wanapita juu ya nondo hizo hizo, na kama hazikuwekewa viti vya kutosha vya kuzinyanyua zinalala. Slabu ya milimita 150 yenye nondo za milimita 12 na kifuniko cha milimita 25 ina kina cha milimita 119 kutoka chini ya zege hadi katikati ya nondo. Nondo zikishuka milimita 50 tu, kina kinabaki 69, na uwezo wa kubeba unapungua kwa zaidi ya asilimia 40. Kwa nje hakuna kinachoonekana, lipu ikishapigwa baraza linapendeza. Msanifu hahitaji kukokotoa hilo. Anahitaji kujua kwamba akiwa saiti asubuhi ya kumwaga, jambo la kuangalia ni viti, na kwamba njia ya toroli iwe juu ya mbao zilizosimamishwa, zisizoegemea nondo.

Kwa upande wa tofali, mazoezi ya mikono yanafichua jambo ambalo mchoro hauwezi. Tofali la inchi 6 lisilo na tundu lina ujazo wa takriban lita 15.5. Mfuko wa sementi wa kilo 50 ni kama lita 35. Ukisikia mtu anatoa tofali 40 kwa mfuko, hizo ni lita 620 za tofali lililobanwa, yaani sementi 1 kwa mchanga unaozidi 17, kwa kuwa mchanga ukibanwa hupungua. Ukitoa tofali 20, uko karibu na 1 kwa 9. Mwanafunzi akifyatua yote mawili, akayamwagilia wiki moja, akayaacha yakomae, kisha akayaangusha kutoka usawa wa kifua, atajua kwa nini maelezo ya kazi hayapaswi kuandika "tofali imara" bali kiwango cha nguvu kinachopimwa.

Hali ya hewa ya Dodoma inaongeza uzito upande wa vitendo. Mvua hapa ni chache, miezi ya kiangazi ni mirefu, na upepo unakausha kila kitu. Slabu iliyomwagwa saa 5 asubuhi ya Oktoba inaweza kupasuka nyufa za juu kabla ya magharibi, saruji ikiwa bado haijashika vizuri, kwa sababu maji yanatoka juu kwa kasi kuliko yanavyopanda kutoka ndani. Maji ya kumwagilia nayo ni gharama, mara nyingi ni ya boza, kwa hiyo siku 7 zinakuwa 2. Hapo hapo, fundi anayeona mchanganyiko unakauka haraka anaongeza maji ili ulainike. Kwa zege la 1:2:4, yaani saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, mfuko mmoja unakwenda na ndoo 3 na nusu za mchanga, ndoo 7 za kokoto na lita 25 za maji, yaani ndoo moja ya lita 20 na robo. Ongeza nusu ndoo ya maji. Uwiano wa maji kwa saruji unatoka 0.5 kwenda 0.7, na theluthi moja ya nguvu, au zaidi, imekwenda. Darasani hiyo ni mistari miwili ya grafu. Ukiwa umeshika chepe saa 7 mchana, unaelewa kwa nini watu waaminifu kabisa hufanya kosa hilo, na unaelewa kuwa dawa yake ni kumwaga alfajiri, kulowesha kokoto kabla, na kufunika slabu kwa nailoni au magunia yaliyoloa mara tu inapopigwa usawa.

Kwa hiyo tuko upande wa mikono, lakini si kwa namna inavyozoeleka kufanywa. Kujenga kaukuta ka mita moja, mwalimu akapita akaweka alama, kisha kakabomolewa kupisha darasa lingine, ni kupoteza sementi. Na fildi iliyoachwa kwa bahati, ambapo kijana anajaza kitabu cha kumbukumbu kwa kueleza alichoona akiwa nje ya uzio, ni kupoteza miezi.

Kinachofaa ni kidogo, chenye vipimo halisi, na kinachovunjwa kwa makusudi. Zoezi moja linatosha kuonyesha tunachomaanisha. Kikundi cha wanafunzi 5 kinamwaga vipande 2 vya slabu, kila kimoja urefu mita 1.8, upana milimita 300, unene milimita 100. Kila kipande kina nondo 2 za milimita 8 kwa urefu na vipande vifupi 6 vya kukatisha. Cha kwanza nondo zinakaa chini, milimita 20 kutoka fomu, juu ya biskuti, yaani vipande vidogo vya mota vya kuzinyanyua. Cha pili zinakaa juu, kimakosa, kwa makusudi. Kwa vyote viwili hautumiki mfuko mzima wa sementi, na nondo moja ya mita 12 inatosha hadi vipande vya kukatisha. Baada ya siku 28 vinawekwa juu ya egemeo mbili zilizoachana mita 1.6, tofali zikiwa zimepangwa chini sentimita 5 kutoka tumbo la slabu ili zipokee kinachoanguka, na mifuko ya sementi inapangwa katikati, mmoja mmoja. Hakuna mguu wa mtu unaopita chini.

Vyote viwili vitapasuka kwa uzito unaokaribiana, kwa hesabu mfuko wa 5 au wa 6. Tofauti ni kinachofuata. Chenye nondo juu kinakatika papo hapo. Chenye nondo chini kinaonyesha ufa mwembamba kama unywele, kinaendelea kubeba, ufa wa pili unatokea, kinapinda polepole, na kinafika zaidi ya maradufu ya mzigo ule kabla ya kushindwa. Nondo kwenye zege zinawekwa ili jengo lionye watu kabla ya kuanguka, na hapo mwanafunzi anaona onyo lenyewe kwa macho.

Hoja ya mazoea mabaya ya fundi nayo inapata jibu hapa, maana kipande kilichomwagwa kwa kukisia maji kitajisema kikivunjwa. Hoja ya muda pia: kumwaga wiki ya 3 ya muhula na kuvunja wiki ya 7 kunatumia siku mbili tu za kazi, ukiondoa kumwagilia. Gumu linalobaki ni nani asimamie. Mhadhiri mwenye shahada mara nyingi hana mkono, na fundi mwenye mkono hana cheti kinachomruhusu kuajiriwa chuoni. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina walimu wa uashi wenye vyote viwili pamoja na karakana, na kuazimana nao kwa siku hizo mbili ni nafuu kuliko kujenga karakana mpya. Muhula wa kwanza unafaa zaidi, kwa sababu unaanza kukiwa bado na jua kali na upepo. Pembeni ya vipande vile viwili kikundi kimwage michemraba 6 ya milimita 150, mitatu ifunikwe na kuloweshwa siku 7, mitatu iachwe wazi juani tangu siku ya kwanza, kisha yote ipelekwe maabara ikapimwe nguvu siku moja.