Ofisi tupu za Posta si kosa la wanaofanyia kazi nyumbani

Tangu korona, kila ghorofa linalokosa wapangaji katikati ya Dar es Salaam linatafutiwa mchawi, na mchawi amekuwa kijana wa teknolojia anayeingia ofisini siku mbili tatu kwa wiki. Sikubaliani. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza Serikali ihamie Dodoma. Wizara zikafungasha huku maghorofa mapya yakizidi kupanda, mengine kwa fedha za mifuko ya hifadhi ya jamii. Kazi mseto, yaani ya nyumbani na ofisini kwa zamu, ilikuta pengo hilo tayari lipo.

Ilichobadilisha ni aina ya mpangaji. Kampuni ya programu yenye watu kumi inahitaji meza sita, chumba kimoja cha vikao, intaneti isiyoyumba na jenereta. Sokoni inakuta nusu ghorofa tupu, isiyo hata na kuta za ndani, kwa mkataba wa miaka na kodi ya miezi kadhaa mbele. Ndiyo maana wengi huishia kwenye nyumba za kuishi zilizogeuzwa ofisi Mikocheni, au hukodi meza kwa mwezi.

Wenye majengo nao wana hoja nzito. Kugawa ghorofa ni gharama: kuta, mita za umeme za kila mpangaji, vyoo. Wapangaji wadogo huyumba haraka. Zaidi ya hapo, jengo la mfuko wa hifadhi ya jamii kama PSSSF au NSSF ni akiba ya wanachama, na kodi ikishushwa ovyo anayeumia ni mstaafu. Hapo nawaelewa kabisa. Lakini ghorofa tupu bado linalindwa, lifti zake zinatengenezwa, na mstaafu hapati chochote. Wagawe, hata ghorofa mbili tatu kwa kuanzia. Kanuni za Machi 2025 zilizokataza kutaja bei kwa fedha za kigeni zimeshampunguzia mpangaji wa shilingi hofu ya dola kupanda.

Ninachowadai waajiri ni kingine. Anayeishi Goba au Chamazi anaokoa saa za foleni, kweli, ila umeme ukikatika feni inasimama, chumba kinawaka joto, na anawasha bando lake mwenyewe amalizie kikao. Mgawo wa mwishoni mwa 2023 ulilionyesha hilo wazi. Kampuni iliyopunguza pango iweke bando na umeme wa mfanyakazi kwenye mkataba, kwa kiwango kinachotajwa.