Mbao za dawa kwa kazi za nje: wanaozisifia na wanaoziogopa wote wanaangalia rangi ya kijani

Ubishi wa mbao za dawa ukianza, kawaida unakuta kambi mbili tu. Wa kwanza wanakwambia weka mbao ya dawa usahau, haiozi, mchwa hawaigusi, miaka na miaka. Wa pili wanasema hiyo ni sumu tupu, unawekea watoto aseniki uani kwako, bora ununue mbao ngumu ya asili au zile za plastiki. Mimi naona kila kambi ina hoja yake, ila wote wanaiangalia ile rangi ya kijani inayoachwa na dawa kama ndo inaamua kila kitu, wakati ukifuatilia mbao za dawa zilizooza mapema mara nyingi chanzo ni pale fundi alipopitisha msumeno, au pale nguzo inapokutana na udongo, na hizo sehemu mbili hakuna anayezibishania.

Tuanze na dawa inaingiaje, maana hapo ndo majibu mengi yalipo. Mbao inafungiwa kwenye tangi refu la chuma, hewa inanyonywa kwanza mpaka itoke hata ile iliyojificha kwenye vinyweleo vya mti, alafu dawa inajazwa humo na kusukumwa kwa presha kubwa, kama mara kumi ya presha ya hewa ya kawaida. Utaratibu huu Mwingereza John Bethell aliupatia hataza mwaka 1838, enzi hizo wanatumia kriozoti, ile dawa nyeusi yenye harufu kali ya mataruma ya reli. Mwaka 1933 mtaalamu wa India, Sonti Kamesan, akaja na mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki unaoitwa CCA, na huo ndo ulitawala kwa miongo kadhaa. Shaba inaua fangasi, aseniki inamaliza wadudu pamoja na wale fangasi wabishi wasioogopa shaba, na kromiamu kazi yake kubwa ni kuifunga dawa kwenye mti isioshwe na mvua. Hiyo kazi ya kromiamu kambi ya sumu huwa wanairuka.

Sasa je, ni sumu? Ndio, dawa yenyewe ni sumu, bila hivyo isingeua kitu. Swali la maana ni inatoka kiasi gani na inamfikia nani. Mbao za CCA zinaachia aseniki kidogo kidogo, nyingine inabaki kwenye udongo wa pembeni na nyingine inashika mkononi ukiigusa, na mtoto mdogo anayeshika bembea alafu anatia vidole mdomoni ndo wa kuangaliwa zaidi. Ndo maana Marekani watengenezaji waliacha kuziuza kwa matumizi ya nyumbani mwishoni mwa 2003, na Ulaya ikabana mwaka uliofuata, ingawa nguzo za umeme na kazi nyingine za viwandani ziliendelea, na kuna nchi nyingi CCA bado inatumika kama kawaida. Zilizokuja baadae, kama ACQ (shaba na dawa nyingine ya kuua fangasi) na zile za shaba na azoli (nayo ni dawa ya fangasi), hazina aseniki wala kromiamu. Kwahiyo anayesema "mbao za dawa zina aseniki" bila kuuliza ni dawa ipi na ni ya mwaka gani anakosea, na anayesema "siku hizi hazina" nae anakosea, maana kwenye vibaraza vya zamani na sehemu zisizokatazwa ipo.

Hizi mpya nazo zina shida zake. Shaba imeongezwa sana, na shaba ni mbaya kwa samaki na viumbe wa majini, kwahiyo mbao hizi juu ya bwawa la samaki mimi siziungi mkono hata kidogo. Shaba hiyo hiyo inakula chuma. Msumari wa kawaida au skrubu yenye zinki nyembamba ya kung'arisha tu inaliwa ndani kwa ndani, mbao inabaki nzima huku kilichoishikilia kimeisha, alafu siku moja ngazi inaachia. Tumia skrubu zilizochovywa kwenye zinki ya moto au za stenlesi, na usiigusanishe mbao hiyo na aluminiamu. Hapa hakuna pande mbili za kupima.

Twende kwenye kuoza. Mti una sehemu mbili, mti mweupe wa nje unaopitisha maji na kiini cha ndani chenye rangi iliyokolea. Dawa inaingia vizuri kwenye mweupe, kwenye kiini inagoma au inaingia kidogo mno. Sasa fikiria nguzo ya mviringo, imezungukwa na mti mweupe ulioshiba dawa pande zote kama ganda la yai, ndani kiini hakina dawa lakini hakifikiwi. Fundi akija akaichana iwe ya pembe nne au akairanda ipendeze, ganda lote kalitoa, na wewe unalipia mbao ya dawa wakati umeletewa kiini. Ndo maana kwa kitu cha kuchimbia ardhini mimi nachagua nguzo ya mviringo ambayo haijaguswa kuliko ya mraba iliyonyooka vizuri, hata kama muonekano wake hauvutii.

Kukata ni hivyo hivyo. Ukikata kichwa cha mbao umefungua mlango mpya, na maji yanapita kwa kufuata nyuzi za mti haraka kuliko kwa ubavuni. Kila mkato na kila tundu la boliti inatakiwa upake dawa ya brashi, ile ya shaba inayouzwa kwa kazi hiyo, upake mpaka mbao ikatae kunywa. Na upande uliokatwa usiuzike, geuza nguzo ili kichwa kilichotoka kiwandani ndo kiende chini. Nashangaa mafundi wengi wazuri tu hili wanaliona ni usumbufu wa mteja kuwapotezea muda.

Alafu kuna ule mstari wa ardhini. Nguzo haiozi sana ikiwa chini kabisa maana hewa ni kidogo, wala juu sana maana panakauka, inaozea pale karibu na uso wa ardhi na kidogo chini yake, unyevu upo na hewa ipo, fangasi wanapapenda hapo. Watu wanadhani kuizungushia zege kunasaidia. Mbao inasinyaa ikikauka, panabaki nafasi kati yake na zege, maji yanaingia hayatoki, umeitengenezea nguzo kikombe cha kulowekea. Kama lazima zege, iwe imeinuka juu ya ardhi na imeteremka kumwaga maji nje, na chini ya nguzo kuwe na kokoto za kupitisha maji. Au weka kiatu cha chuma mbao isiguse ardhi kabisa, ambayo kwangu ndo njia bora kuliko aina yoyote ya dawa.

Pia sio kila mbao ya dawa ni ya kuchimbia. Zinapimwa kwa madaraja kulingana na kilo za dawa zilizobaki kwenye kila mita ya ujazo, ya juu ya ardhi inawekwa kidogo, ya ardhini zaidi, ya baharini zaidi sana. Kwa macho zote kijani, na kuna wanaochovya tu mbao kwenye pipa la rangi wakaita tritimenti. Angalia muhuri au lebo, na ukiweza omba mbao moja ikatwe katikati uone dawa imefika wapi, usidanganyike na kichwani kwasababu kichwani dawa huingia sana hata pale ubavuni haijaingia.

Ile ahadi ya "weka usahau" inafia kwenye matengenezo. Dawa inazuia kuvu na mchwa, haizuii maji wala jua. Mbao nyingi zinauzwa bado mbichi na maji ya kiwandani, zikikauka zinasinyaa, zinapinda, zinapasuka, na mpasuko ukienda ndani kuliko dawa basi kiini kipo wazi. Ukipaka rangi wakati bado mbichi itabanduka yote, subiri mpaka ukidondoshea tone la maji linanyonywa. Baada ya hapo mafuta au dawa ya kuzuia maji inayozama ndani kila mwaka mmoja hadi mitatu, kutegemea jua, na kwa mbao za CCA hiyo inapunguza pia aseniki inayotoka, kwahiyo ni kazi moja faida mbili. Usioshe kibaraza cha CCA kwa bleach, inaweza kugeuza kromiamu iliyotulia kuwa ile aina ya hatari. Mashine ya maji ya presha nayo inachuna uso wa mbao, brashi na sabuni vinatosha.

Mbadala je? Mtiki na mvule zinadumu kweli, ila kiini tu, mti mweupe wake unaoza kama mbao yoyote, na ni miti ya kungoja miaka mingi wakati paini na mkaratusi vinakua haraka na ndo hivyo vinavyotiwa dawa. Hoja ya kuokoa misitu ni ya kweli na naipa uzito. Mbao za plastiki haziozi lakini zinapata joto sana juani na nyingi sio za kubeba mzigo, ni za kutandika juu tu.

Mimi ningetumia mbao za dawa kwenye nguzo na maboriti ya chini ambako hakuna mtu anakaa wala kushika, na sehemu ya kukalia, kushika au kulia chakula niweke mbao nyingine, tena hiyo ya juu inakauka na kubadilishwa kirahisi. Kwenye tuta la mboga siweki ya CCA, ya shaba ningeiweka na karatasi ya nailoni kati yake na udongo.

Linalonibana zaidi ni mwisho wake, na hapa kambi ya sumu wana hoja nzito kuliko wanavyoitumia. Mbao ya dawa ikichakaa huwezi kuichoma, sio jikoni, sio kwenye moto wa takataka, aseniki inatoka na moshi na iliyobaki inajikusanya kwenye majivu, na majivu hayo hayafai shambani. Vumbi la msumeno usilazie mifugo. Njia iliyobaki ni dampo linalopokea taka za aina hiyo, au kuitumia tena kwenye kazi nyingine ya nje. Anayenunua leo atakuwa na mzigo huo baada ya miaka 20 au zaidi, na wengi kwa wakati huo watakuwa wameshahama, mbao inaachiwa mtu asiyejua ni ya dawa kwasababu kijani imeshafifia ikawa kijivu. Ndo maana napendelea ile lebo ibaki imepigiliwa kwenye nguzo, hata kama inaharibu muonekano.